Kapu la Jumanne linanishinda

Bi Mshauri,

Assalamu alaykum. Jana usiku nilitia katika ndoo ya taka mafungu mawili ya matembele yaliyokuwa yameshageuka manjano, fungu moja la mchicha lililoanza kutoa maji meusi, na nusu ya boga lililoota ukungu. Baada ya hapo nilikaa kwenye kigoda nikaona haya, kwa sababu mboga zile nilizilipia kwa fedha zangu na kuna nyumba jirani ambazo zingezipokea kwa furaha.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi. Ninaishi Fuoni pamoja na mume wangu, watoto wetu watatu na mavyaa wangu, ambaye alihamia kwetu kutoka Wete mwaka jana. Katikati ya mwezi wa tatu nilijiunga na mpango wa shamba moja la hapa Unguja, ambapo kila nyumba hulipa fedha za mwezi mzima mwanzoni, na kila Jumanne alasiri huletewa kapu la mboga zilizochumwa siku hiyohiyo. Hatuchagui, tunapewa kilichokuwa tayari shambani. Nilijiunga kwa nia njema, kwani nilitaka watoto wale mboga zaidi, na nilikuwa nimechoka kununua sokoni Mwanakwerekwe kebichi na tungule zilizovuka bahari kutoka Bara na kukaa njiani hadi zikanywea.

Kapu la wiki hii lilikuwa na uzito wa kilo nane hivi. Ndani yake mlikuwa na mafungu manne ya mchicha, mafungu matatu ya matembele, majani ya kunde, bamia, mabilingani sita, figili pamoja na majani yake, boga moja zima, muhogo, pilipili boga chache, na tungule tatu tu. Ninarudi nyumbani saa kumi na moja jioni nikiwa nimechoka. Hutafuta pishi katika simu, nikaona linataka karoti, kotmiri na tungule nyingi, basi humtuma mtoto dukani, na kapu hubaki palepale pembeni ya mlango. Ikifika Ijumaa, nusu yake imeshaharibika.

Mume wangu amelelewa katika nyumba ambayo chakula kizito huliwa mchana, na usiku ni chai, mkate na mayai, kwa hiyo nikimwekea sahani ya majani usiku huniambia kuwa hicho ni chakula cha mgonjwa. Watoto huzitoa bamia moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Mavyaa hasemi neno. Siku moja nilimwona akifunua kawa, akaangalia, akalirudisha, kisha akajimiminia chai. Kimya chake kinaniuma kuliko maneno.

Malipo ya mwezi ujao yanakaribia. Naomba unieleze namna ya kuzipika mboga hizi kabla hazijaoza, namna ya kuwafanya watu wangu wazile, na kama niendelee au niache.

Mama wa Watatu,
Fuoni, Unguja

JIBU

Mwanangu, waalaykum ssalaam.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo lililonishika zaidi ni lile la simu. Wewe unaanza na pishi, kisha unatafuta mboga za kulitimiza, na hivyo ndivyo apikavyo mtu anayenunua sokoni, kwa kuwa soko humpa anachokitaka. Aliyepokea kapu la shamba huanzia upande wa pili. Kapu likishaingia ndani, swali linalotangulia ni moja: kipi hakitafika kesho kutwa? Hicho ndicho chakula cha leo, na kitu kingine chochote kitakachoingia chunguni kitakifuata hicho.

Kabla sijaingia jikoni, niruhusu nikuondolee aibu moja. Unadhani kapu ni kubwa mno kwa nyumba yako, na silioni hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na muhogo, viazi na mbatata hazihesabiwi humo. Nyinyi ni watu sita. Hata tukiwapunguzia watoto sehemu yao, kwa siku saba mnahitaji zaidi ya kilo kumi na mbili, na kapu lako lote, pamoja na muhogo wake, ni kilo nane. Kwa hiyo mboga hazikuzidi; zinaharibika kwa sababu zinakaa siku tatu za mwanzo bila ya mtu kuzigusa, na siku hizo tatu ndizo zenye thamani.

Sasa tulipange kapu lako kama lilivyokuja. Majani ndiyo yanayokufa mwanzo: mchicha, matembele, majani ya kunde, na yale majani ya figili ambayo nina hofu uliyakata ukayatupa, nayo hupikwa pamoja na mchicha bila ya tatizo lolote. Kinachofuata kitakushangaza, nacho ni muhogo. Wengi wetu tunaamini kwamba kitu chochote kilichotoka ardhini hukaa, tukauweka muhogo chini ya meza hadi Jumapili, lakini muhogo ukishang'olewa huanza kuingia michirizi myeusi kwa ndani baada ya siku mbili tatu. Upike Jumatano, au umenye, uukate na uugandishe. Baada ya muhogo ni bamia, kisha mabilingani na pilipili boga. Boga zima ndilo lenye subira kuliko vyote; likiwekwa pahali pakavu penye hewa linaweza kungoja wiki kadhaa, lakini siku utakayolikata lina siku tatu au nne tu. Lile lililoota ukungu, bila shaka, ulilikata mapema ukalisahau. Boga likatwe mwisho wa wiki, wakati majani yameshakwisha.

Jumanne ukifika nyumbani, jambo la kwanza kabla ya kuvua hata buibui ni kukata kamba za mafungu. Mchicha huanza kuoza pale katikati ulipobanwa, na fungu linaweza kuonekana zima kwa nje ilhali ndani limeshakuwa uji. Yatawanye majani juu ya ungo, toa yaliyogeuka rangi, na usiyaoshe bado, kwa sababu maji yanayobaki juu ya jani huharakisha kuoza. Yatakayopikwa kesho yafunge katika kipande cha khanga safi yenye unyevu kidogo, uyaweke katika sehemu ya chini ndani ya friji. Umeme ukiwa haupo, yasimamishe kwa vikonyo vyake ndani ya bakuli lenye maji kidogo, kivulini, nayo yatafika kesho yakiwa hai. Bamia ziwe kavu kabisa. Mabilingani na tungule hazipendi baridi ya friji, ziache mezani.

Kisha bandika sufuria kubwa ya maji. Yakichemka vizuri tia chumvi, utumbukize mafungu yote yaliyobaki ya mchicha na matembele kwa dakika mbili tu, uyaopoe, uyatie katika maji baridi, halafu uyakamue kwa viganja viwili mpaka yawe matonge ya ukubwa wa chungwa. Mafungu matano yaliyojaza ungo yatakuwa matonge manne au matano yanayoenea katika kibweta kimoja. Hapo utaona kwa macho yako kwamba ule mlima uliokutisha ulikuwa ni maji na hewa. Matonge hayo hukaa siku tatu katika friji, na katika sehemu ya kugandishia hukaa zaidi ya mwezi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu yakayeyuka, yapike siku hiyohiyo wala usiyagandishe tena. Kazi yote hii haizidi nusu saa, na inakununulia jioni tatu.

Juu ya pishi lenyewe, nakuomba uiweke simu pembeni kwa mwezi mmoja. Nyumba ya Kizanzibari ina pishi moja ambalo linapokea karibu kila kitu kilichomo katika kapu lako, nalo ni la nazi, na ukilijua vizuri hutahitaji kutuma mtu dukani. Kuna nazi na kitunguu, kuna thomu, kuna ndimu. Kuna nazi, vipi chakula kikosekane? Kuna nazi ndiyo, lakini wengi huliharibu tui kwa haraka. Kamua kwanza kasimile kwa maji machache ya uvuguvugu, uiweke kando. Kisha kamua tui la pili na la tatu, na hilo jepesi ndilo la kupikia mboga. Kaanga kitunguu kidogo tu hadi kilainike, tia thomu na bizari, tia tui jepesi, na likianza kuchemka tia tonge lako la mchicha ulilolikata kata. Chungu kisifunikwe. Maji yakipungua, teremsha moto, mimina kasimile, na usiondoe mkono wako kwenye upawa mpaka lichemke mara moja. Ukilipa kisogo tui hukatika, likajitenga maji na mafuta, na hapo hata mchicha mzuri huonekana kama masalio ya jana. Epua, ndipo ukamue ndimu. Hiyo ndimu, au ukwaju uliorowekwa, ndiyo itakayoshika nafasi ya tungule ambazo hukuletewa.

Kuna faida nyingine katika nazi ambayo watu hawaitaji. Vitamini A inayopatikana katika matembele, mchicha na boga huingia mwilini vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo, kwa hiyo mtoto anayekula matembele ya nazi hufaidi kuliko yule anayepewa yaliyochemshwa kwa maji matupu.

Matembele yapike hivyohivyo lakini utie ng'onda iliyolowekwa na kuchambuliwa miba, na majani ya kunde vilevile. Mabilingani yakate vipande vinene, yanyunyizie chumvi robo saa, yafute, yakaange, kisha yaingie katika tui. Shamba likikuletea kisamvu, usikifanyie haraka kama mchicha. Majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, kwa hiyo kisamvu ni kazi ya Jumapili. Figili zimenye, zikate nyembamba, zitie ndimu, chumvi na pilipili, ziwekwe mezani kama achari.

Bamia zina mlango wake. Watoto wako wanakataa ute, na ute huzidi bamia zinapokatwa vipande vidogo, zikaoshwa baada ya kukatwa, kisha zikakorogwa korogwa chunguni. Zioshe zikiwa nzima, zifute moja moja kwa kitambaa mpaka ziwe kavu, zikate kwa urefu vipande viwili, uzikaange katika mafuta ya moto bila ya kuzigeuza sana, na mwisho uzikamulie ndimu. Zikitoka zina ukingo wa kahawia na zinalia chini ya jino. Usizitie katika mchuzi wowote kwa watoto mwezi huu. Waache wazizoee zikiwa kavu.

Naja kwa mume wako, na hapa nitasema wazi kwamba yeye ana hoja. Mtu aliyezoea chai na mkate usiku tangu utotoni hawezi kubadilishiwa meza nzima kwa sababu mkewe amejiunga na mpango wa shamba. Usimwondolee chai yake. Sahani kubwa ya mboga ipeleke mchana pamoja na wali, kwa kuwa umeshaipika jana yake jioni na anayebaki nyumbani ataipasha tu, na usiku mboga iingie ndani ya kile anachokipenda. Tonge moja la mchicha, likikatwa laini na kukaangwa na kitunguu kabla ya kumiminiwa mayai manne, ni mayai yake yaleyale ya usiku. Chapati iliyobaki mchana inakwenda vizuri na bilingani la nazi lililo zito. Na boga, likifika zamu yake Jumamosi, lipike kwa tui, sukari kidogo na iliki iliyopondwa, kama tunavyolipika Ramadhani, uwape watoto pamoja na chai. Sijamwona bado mtoto anayelipanga boga la nazi ukingoni mwa sahani.

Kuhusu mavyaa wako, nimefikiri sana juu ya lile tukio la kawa. Mtu asiyejali chakula hafunui kawa. Mama huyu ametoka Wete, mji wa Pemba, kisiwa chenye mvua na mashamba ya kijani, na sina shaka kwamba alikuwa akipika matembele na mchunga kabla wewe hujazaliwa. Sasa anakaa katika jiko la mtu mwingine, anaziona mboga alizozijua maisha yake yote zikifa pembeni ya mlango, na adabu inamzuia kusema kwa kuwa jiko ni lako. Kimya kile huenda ni heshima anayokupa, nawe unakisoma kama hukumu. Kapu linafika alasiri, wakati wewe bado uko njiani. Jumatatu usiku kaa naye, umwambie kwa unyenyekevu, “Mama, mboga zinaniharibikia na mimi sizijui kama unavyozijua wewe. Kesho kapu likifika naomba uliangalie, uniambie kipi tuanze nacho.” Usimpe kisu na wala usimpe kinu, kutwanga na kuosha ni kazi yako na ya watoto wako. Mpe neno la mwisho juu ya kapu. Kisha pika alivyosema, hata kama wewe ungeanza na kingine, na umpelekee yeye kwanza aonje tui kabla ya kuepua. Kijana wake akimwona mama yake anakula, lile neno la chakula cha mgonjwa litakuwa gumu kutoka mdomoni.

Limebaki suala la kuendelea au kuacha. Inafaa ujue ulichokinunua. Mipango ya namna hii ilishika mizizi Japani katika miaka ya 1970, ambako huitwa teikei, na Marekani mashamba mawili ya kwanza yaliianza mwaka 1986, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Msingi wake kote ni uleule: mlaji humlipa mkulima mapema, na kwa malipo hayo hupokea sehemu ya mavuno pamoja na sehemu ya hatari. Mvua ikizidi, imezidi kwa wote wawili. Wewe ulijiunga katikati ya mwezi wa tatu, masika yakianza kuingia, yaani ulianza na miezi ambayo majani hustawi kupita kiasi, huku tungule zikiugua kwa maradhi ya ukungu yanayopenda mvua. Tungule tatu hazikuwa udanganyifu. Miezi ya kipupwe itakapotulia, kapu lako litabadilika sura, na ukiacha sasa utakuwa umeonja upande mgumu peke yake.

Hata hivyo, kushirikiana hatari hakumzuii mtu kuzungumza. Mpigie simu anayesimamia ugawaji, umwombe mambo mawili: akutumie kila Jumatatu orodha ya vitakavyokuwemo, ili wewe na mama mjue kitoweo gani cha kutafuta, na akubalie fungu moja au mawili ya majani yabadilishwe kwa muhogo au boga kwa nyumba inayopenda kubadilishana. Wakulima wengi hupendelea kuambiwa kuliko kupoteza mlipaji kimyakimya. Akikataa yote mawili, hilo nalo ni jibu, na utaliweka katika hesabu yako.

Lipa huo mwezi ujao mmoja. Bandika karatasi ukutani karibu na mlango wa jiko, na kila kitakachotupwa kiandikwe: tarehe, kitu gani, kiasi gani. Iwapo wiki ya nne bado mnatupa zaidi ya fungu moja, basi gawana kapu na mmoja wa wale majirani uliowataja, nusu kwa nusu, gharama na mboga, na umwombe yeye achague kwanza wiki moja na wewe uchague kwanza wiki inayofuata.